Ukuta wa Gereza Hauzuii Maradhi

Askari anayekabidhiwa funguo za mahabusu hufundishwa kwanza kuhesabu. Huhesabu watu wanapoingia, huhesabu wanapotoka, huwahesabu jioni kabla ya kufunga komeo na asubuhi baada ya kulifungua. Hesabu ikilingana na kitabu, hushusha pumzi akaona kwamba zamu yake imekwenda salama. Makala haya yanahusu jambo moja lisiloingia katika hesabu hiyo, nalo ni maradhi. Maradhi huingia lango kuu bila hati ya kukamatwa, hutoka bila hati ya kuachiliwa, na mara nyingi anayeyapitisha langoni, akienda kazini na kurudi nyumbani, ni sisi wenyewe tunaoshika funguo.

Twawaandikia wenzetu wa jeshi, wa polisi na wa magereza, kwa sababu katika mabwalo yetu bado husikika usemi kwamba mfungwa ni mfungwa; kwamba sabuni, hewa safi na daktari ni mambo ya raia wema, na anayemfikiria mfungwa mgonjwa amelegea kinidhamu. Sisi twaona kwamba usemi huo ni wa hatari, wala si kwa mfungwa peke yake, bali kwa huyo anayeusema. Hatutautetea msimamo wetu kwa huruma, ingawa huruma si aibu kwa askari. Tutautetea kwa mambo yaliyotokea katika magereza na makambi ya wafungwa mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo yameandikwa na yanajulikana.

Tuanze na gereza la San Quentin, katika jimbo la California, Marekani. Mwaka 1918 gereza hilo lilikuwa na wafungwa wapatao 1,900. Katikati ya mwezi wa Aprili, siku ya Jumapili, aliletwa mfungwa mpya kutoka jela ya Los Angeles, ambako tayari watu kadhaa walikuwa wagonjwa. Njiani alikuwa akiumwa mwili mzima. Alipofika hakuna aliyemtenga. Alishinda uani pamoja na wenzake waliokuwa katika mapumziko ya Jumapili, akala pamoja nao bwaloni, na usiku akafungiwa katika chumba cha wageni pamoja na wengine wapatao 20. Alipolazwa hospitalini akiwa na homa, kazi ya maradhi ilikwisha kufanyika. Yalikuwa ni mafua makali, yale yaliyozunguka dunia nzima mwaka huo na kuua mamilioni ya watu.

Daktari mkuu wa gereza, Leo Stanley, aliandika taarifa iliyochapishwa mwaka 1919. Alikadiria kwamba zaidi ya nusu ya wafungwa waliguswa na mafua hayo. Waliolazwa walikuwa 101, saba wakapata homa ya mapafu, na watatu wakafa. Mamia ya wengine walijikongoja kazini wakiwa na homa, kwa kuwa vitanda havikutosha.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa amri na ratiba ni lile alilolibaini daktari huyo alipotazama siku za juma. Wagonjwa wapya waliongezeka sana siku za Jumanne na Jumatano. Kwa nini siku hizo? Kwa sababu kila Jumapili wafungwa walionyeshwa sinema, kwa mafungu mawili, katika ukumbi uliokuwa nusu yake chini ya ardhi, usio na hewa ya kutosha, fungu la pili likiingia mara tu la kwanza lilipotoka. Waliokohoa asubuhi waliwaachia wenzao hewa ile ile. Siku mbili baadaye foleni ya hospitali ilirefuka. Sinema ilikuwa imeletwa kwa nia njema, iwe burudani na kitulizo cha watu waliofungwa, nayo ikageuka kuwa njia kuu ya maradhi.

Mafua yalirudi katika gereza hilo mwezi wa Oktoba, yakarudi tena mwezi wa Novemba, na kila mara daktari alifuata nyayo zake hadi langoni, kwa mfungwa mpya. Lakini safari hizo mikusanyiko ya ndani ilisimamishwa, watu wakakaa nje kwenye hewa, na walioshikwa wakawa wachache kuliko wa kwanza. Yafaa tukumbuke kwamba wakati huo hapakuwa na dawa ya mafua hayo wala chanjo iliyofaa. Hata kirusi chenyewe hakikupata kutengwa kutoka kwa mgonjwa hadi mwaka 1933. Kilichopunguza idadi ya wagonjwa hakikutoka katika chupa ya dawa. Kilikuwa ni amri: fungeni ukumbi, watengeni wageni, kaeni nje. Ni amri ambayo sajini yeyote angeweza kuitekeleza kwa dakika kumi.

Ndugu msomaji huenda akasema kwamba hayo ni ya zamani na dunia imejifunza. Laiti ingekuwa hivyo. Miaka 102 baadaye, tarehe 30 Mei 2020, wakati wa janga la Uviko, wafungwa wapatao 122 walihamishwa kutoka gereza la Chino, kusini mwa California, ambako ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea, wakapelekwa kaskazini, San Quentin, ambako hadi siku hiyo hapakuwa na mfungwa hata mmoja aliyejulikana kuwa na ugonjwa huo. Nia ilikuwa njema tena: kuwaondoa wazee na wenye afya dhaifu kutoka mahali pa hatari. Lakini wengi wao walikuwa wamepimwa majuma kadhaa kabla ya safari, na majibu ya majuma kadhaa si majibu ya leo. Katika miezi iliyofuata wafungwa zaidi ya 2,000 wa San Quentin walishikwa, 28 wakafa, na pamoja nao akafa sajini mmoja wa gereza. Lilikuwa gereza lile lile, lenye kuta zile zile, na taarifa ya daktari wa mwaka 1918 ilikuwa imechapishwa na kusomeka kwa karne nzima. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hawa walinyolewa wenyewe mara ya kwanza, na bado hawakutia maji.

Tumemtaja sajini huyo kwa makusudi. Katika kila habari ya maradhi gerezani yuko sajini wa namna hiyo. Hakuhukumiwa na mahakama yoyote, lakini alivuta hewa ile ile waliyovuta waliohukumiwa.

Sasa tuingie bara letu wenyewe. Huko Tunis, Afrika ya Kaskazini, mwaka 1903 alifika daktari Mfaransa aitwaye Charles Nicolle. Wakati huo homa ya chawa, ambayo matabibu huiita taifasi, ilikuwa ikizuka kila mwaka katika magereza, makambi na vijiji vya maskini, na hakuna aliyejua inavyopita kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Nicolle alikuwa amekusudia kulizuru gereza la Djouggar, kusini ya mji, pamoja na daktari mwenzake. Siku ya safari akaugua, asiende. Mwenzake alikwenda na mtumishi wake, wakalala humo usiku mmoja, wote wawili wakashikwa na homa ya chawa, wakafa. Usiku mmoja tu. Na kumbuka kwamba mmoja wao alikuwa daktari.

Miaka michache baadaye Nicolle aliona jambo mlangoni mwa hospitali. Wagonjwa wa homa hiyo waliwaambukiza jamaa zao nyumbani, waliwaambukiza waliowapokea mlangoni, waliwaambukiza pia waliozishika nguo zao chafu. Lakini mgonjwa akisha kuvuliwa nguo zake, akaoshwa, akanyolewa na kuvikwa nguo za hospitali, hakumwambukiza mtu tena, hata alipolala katika chumba kimoja na wagonjwa wa maradhi mengine. Basi maradhi yalikuwa yakibaki mlangoni, pamoja na nguo. Na katika nguo kulikuwa na nini? Chawa. Mwaka 1909 alithibitisha kwa kuwajaribu nyani, na mwaka 1928 akapewa tuzo ya Nobel.

Uvumbuzi huo ulikuwa na maana kubwa kwa kila kamanda duniani. Kuanzia hapo ilijulikana kwamba adui wa homa ya chawa ni maji ya moto, sabuni na wembe. Hakuna tena aliyeweza kusema kwamba maradhi hayo ni bahati mbaya au ni tabia ya watu wachafu. Mtu aliyefungiwa hawezi kuchemsha nguo zake asipopewa moto, sufuria na muda. Uchafu wa mfungwa ni hesabu ya mlinzi wake.

Miaka mitano baada ya uvumbuzi huo ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na hapa ndipo sisi askari tunapopaswa kusoma kwa makini. Mjini Wittenberg, Ujerumani, palikuwa na kambi ya mateka wa vita, Warusi, Wafaransa na Waingereza, jumla wapatao 15,000, waliosongamana katika uwanja ambao mtu angeuzunguka kwa mwendo wa dakika chache. Baridi ilikuwa kali, makaa hayakutosha, sabuni ilitolewa kwa nadra, na watu walilala watatu watatu juu ya godoro moja. Ilijulikana kwamba homa ya chawa ilikuwapo katika upande wa mashariki wa vita, lakini mateka walichanganywa bila kutengwa. Mwezi wa Desemba 1914 ugonjwa ukalipuka.

Walinzi na waganga wa kambi walifanya nini? Waliondoka. Walitoka nje ya seng'enge, wakaifunga kambi nyuma yao, chakula kikawa kinasukumwa ndani bila mtu kugusana na mtu, na amri zikapigiwa kelele kutoka upande wa pili wa waya. Mwezi wa Februari 1915 madaktari sita wa jeshi la Uingereza, ambao wenyewe walikuwa mateka, walipelekwa humo. Waliwakuta wagonjwa wamelala sakafuni katika giza, wengine wakiwa wamechanganyikiwa kwa homa, wamefunikwa na chawa. Katika hao madaktari sita, watatu walishikwa na homa wakafa. Mwaka 1916 serikali ya Uingereza ilichapisha taarifa ya mambo hayo, na jina la Wittenberg likawa aibu iliyoenea ulimwenguni.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu Wajerumani kama taifa. Katika nchi ile ile, na mwezi ule ule wa Februari 1915, mwanasayansi Stanislaus von Prowazek, aliyekuwa katika utumishi wa Ujerumani, alikufa kwa homa hiyo hiyo katika kambi ya mateka ya Cottbus, ambako yeye na mwenzake kutoka Brazil, Henrique da Rocha Lima, walikuwa wakiichunguza ili mateka na walinzi wapone. Rocha Lima naye aliugua, akapona, na mwaka 1916 akakipa kijidudu cha maradhi hayo jina la rafiki yake aliyekufa. Basi kambi zilikuwa mbili chini ya bendera moja. Katika moja wenye dhamana walikimbilia nje ya waya. Katika nyingine waliingia ndani. Historia inawakumbuka wote, kila mmoja kwa alichokifanya.

Je, waliokimbia waliokoka kweli? Pengine wao waliokoka. Lakini tutazame Serbia. Mwezi wa Desemba 1914 jeshi la Serbia liliwafukuza Waaustria na Wahungaria katika vita vya mto Kolubara, likateka makumi ya maelfu. Ulikuwa ushindi mkubwa wa taifa dogo. Mateka wakatawanywa nchini kote, wakiwa na chawa wao, katikati ya wakimbizi na majeruhi waliojaa kila mahali. Kabla ya majira ya joto ya mwaka 1915, homa ya chawa ilikuwa imeua zaidi ya watu 100,000 katika Serbia: mateka, askari na raia, pamoja na madaktari zaidi ya 100 katika nchi iliyokuwa na madaktari wachache sana. Jeshi lililoshinda kwa bunduki lilishambuliwa na mdudu mdogo kuliko punje ya mchele.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Jina la Kariakoo, ambalo wakazi wa Dar es Salaam hulitaja kila siku waendapo sokoni, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita hiyo hiyo. Wapagazi hao hawakuwa wafungwa kisheria, lakini wengi walichukuliwa kwa nguvu, wakawekwa makambini na kupelekwa wasikotaka. Upande wa Waingereza peke yake waliandikwa zaidi ya 40,000 waliokufa, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Popote mtu anapokusanywa kwa nguvu na kunyimwa uwezo wa kujitunza, iwe kwa hukumu, kwa kutekwa au kwa kuandikishwa, maradhi hufuata, na dhamana humwangukia aliyemkusanya.

Hapa mwenzetu mmoja anaweza kusema: basi tuwaachie madaktari. Jibu letu ni kwamba daktari ana sehemu yake, lakini funguo na dhamana hubaki mikononi mwetu. Mwaka 1906, katika gereza la Bilibid mjini Manila, Ufilipino, daktari Mmarekani Richard Strong aliwadunga wafungwa 24 sindano ya majaribio ya kuzuia kipindupindu, bila ya kuwaomba ridhaa yao. Dawa ilikuwa imeingiwa na vijidudu vya tauni. Wafungwa 13 wakafa. Hapo maradhi hayakuletwa na mgeni. Yaliletwa na mganga. Hata yule Stanley wa San Quentin, ambaye taarifa yake tumeisifu, baadaye alifanya majaribio mengi ya kupandikiza tezi katika miili ya wafungwa, na leo hakuna tume ya maadili ambayo ingeyakubali. Mtu aliyefungiwa hawezi kuondoka. Kwa hiyo yeyote amwingiaye, awe na rungu au awe na sindano, lazima awepo wa kumuuliza: unafanya nini, na umemwambia?

Sheria nazo zilijifunza, ingawa polepole. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929, na baada yake ule wa mwaka 1949, uliagiza kwamba mateka wa vita wakaguliwe na waganga angalau mara moja kila mwezi, hasa ili maradhi ya kuambukiza yagunduliwe mapema. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwatendea wafungwa zilizopewa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27 na aliyeugua kifua kikuu akiwa bado mfungwa. Kanuni hizo zasema kwamba mfungwa apate matibabu sawa na yale yapatikanayo kwa raia, na kwamba achunguzwe mapema iwezekanavyo baada ya kuingia. Maneno hayo yalinunuliwa kwa maisha ya watu wa Wittenberg, wa Bilibid na wa Djouggar. Askari asomaye vifungu hivyo kama mapambo ya semina hajajua bei yake.

Hatuandiki kama watu wasiokosea. Tulipotoka shule ya kadeti, tukiwa na nyota moja begani na sauti kubwa kuliko akili, tulikabidhiwa ulinzi wa kambi moja ambayo hatutaitaja. Usiku mmoja wa mvua aliletwa kijana aliyekuwa ametoroka kikosini kwake. Alikuwa amekonda, akikohoa kikohozi cha ndani kisichokatika. Koplo wa zamu, mtu mzima aliyetupita kwa miaka mingi ya utumishi, alitukaribia akasema kwa adabu: "Afande, huyu kifua chake si kizuri. Tumweke stoo peke yake mpaka asubuhi, mganga amwone." Sisi tulimjibu: "Koplo, stoo haina komeo. Akitoroka mara ya pili, nani atajibu?" Koplo akapiga saluti. Kijana akafungiwa pamoja na wengine sita, katika chumba chenye dirisha moja dogo, na koplo akakaa mlangoni usiku kucha.

Asubuhi tulihesabu. Walikuwa saba, kama ilivyoandikwa kitabuni. Tukaweka sahihi. Mganga hakuitwa siku hiyo wala siku ya pili, kwa kuwa palikuwa na ukaguzi wa kamanda na sisi tulishughulika na chokaa na gwaride. Baada ya juma moja kijana akapelekwa kwingine, nasi tukamsahau.

Miezi kadhaa ilipopita, koplo yule alianza kukohoa. Alipopimwa alikutwa na kifua kikuu, na mtoto wake mdogo vile vile. Hatuwezi kuapa kwamba ugonjwa ule ulitoka kwa kijana wa usiku ule. Kifua kikuu kina njia nyingi na hakiachi hati. Lakini twajua kwamba koplo aliyaona macho ya mgonjwa kabla yetu, kwamba alisema lililo sahihi, na kwamba sisi tuliogopa hesabu pungufu kuliko tulivyoogopa maradhi. Wote wawili walipona baada ya miezi mingi ya dawa, ila koplo hakurudi tena katika nguvu zake, akastaafu mapema. Hakutulaumu hata siku moja. Kila alipotuona alipiga saluti kama kawaida. Saluti ile imetufuata hadi leo, nayo ni sababu moja ya makala haya.

Basi twashauri nini? Hatutaomba mambo ya fedha nyingi, kwa kuwa twajua hali ya vituo vyetu. Twaomba kwanza kwamba kila anayeletwa mahabusu aulizwe maswali machache kabla ya komeo kufungwa: umekohoa kwa muda gani, una homa, unaharisha, ulipotoka kulikuwa na wagonjwa? Majibu yaandikwe katika kitabu cha matukio, pamoja na saa. Mfungwa yule wa San Quentin angeulizwa maswali hayo mwaka 1918, angejibu yote kwa ukweli, kwa maana mwili ulikuwa ukimuuma.

Pili, kila kituo kiwe na mahali pa kumtenga mgonjwa, na mahali hapo pasiwe chumba cha adhabu. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Huko San Quentin mwaka 2020 palikuwa na wafungwa walioficha dalili zao kwa kuogopa kupelekwa katika seli za adhabu. Mahali ambapo mgonjwa huadhibiwa, watu hawaugui. Hukohoa ndani ya blanketi hadi siku wanapoanguka. Mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini tusiwe sisi tuliomfundisha kuyaficha. Na kama hofu ni kutoroka, kama tulivyohofu sisi, dawa yake ni kuongeza mlinzi mmoja nje ya mlango, au kununua komeo moja. Komeo la stoo ile lingegharimu chini ya nauli ya kumpeleka mtoto wa koplo hospitalini mara moja.

Tatu, hewa, jua na sabuni vihesabiwe kuwa vifaa vya ulinzi kama vile pingu na tochi. Dirisha lifunguliwe. Watu watolewe nje kwa zamu. Blanketi zianikwe, nguo zenye chawa zichemshwe. Kama ukumbi hauna hewa, mkutano ufanyike chini ya mti, hata kama ni mkutano wa kutoa mawaidha mema. Tumeona kwamba nia njema haikuizuia sinema ya Jumapili kuzaa wagonjwa wa Jumanne.

Nne, askari mwenyewe akiugua asilazimishwe kushika zamu, wala asihesabiwe mvivu. Anayekuja lindoni akiwa na homa huingiza ndani kile ambacho ukuta ulikuwa umekizuia, kisha akirudi nyumbani hukipeleka kwa mkewe na watoto wake. Na wakubwa wawe wa kwanza kupokea habari mbaya bila ya kumgombeza mleta habari. Taarifa isemayo "hali ni shwari" wakati watu watatu wana homa ni uongo wa kijeshi, na uongo wa kijeshi hulipwa kwa maisha ya watu.

Mtu atasema kwamba raia wengi huko nje hawana dirisha, hawana sabuni, wala daktari. Kwa nini mfungwa apate? Swali hilo ni la haki na hatulikwepi. Raia maskini anapokosa sabuni, bado anaweza kukopa kwa jirani, anaweza kwenda mtoni, anaweza kumkimbia jirani mwenye kikohozi akalala kwa ndugu yake. Mfungwa hawezi lolote katika hayo, kwa kuwa sisi tumemzuia, na tumemzuia kwa amri ya sheria. Pale tulipoichukua miguu yake, tulilichukua na jukumu la kumpeleka penye maji. Aidha, wengi wa walio mahabusu hawajahukumiwa bado. Huyu aliyeshikwa jana kwa tuhuma ya kuiba kuku hakuhukumiwa kifua kikuu. Hakuna hakimu awezaye kutoa hukumu hiyo, na mlinzi asiitoe kwa niaba yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunao ukuta tayari, mrefu na wenye seng'enge juu. Kilichobaki ni kutazama ufa, nao uko langoni, mahali ambapo mgeni hupokelewa usiku, mvua ikinyesha, na ofisa kijana ana haraka ya kuweka sahihi. Usiku ule tuliuliza, "Nani atajibu?" Tuliuliza vizuri, ila tuliuliza kuhusu jambo lisilostahili. Ndugu askari, unapofunga komeo jioni ya leo, wahesabu watu wako kama ulivyofundishwa. Kisha, kabla ya kuondoka mlangoni, nyamaza kidogo usikilize ni nani anayekohoa.